Kadi ya keshibeki Marekani: Faida iko wapi, na inaliwa wapi?

Mtu akihamia Marekani na kuanza kujulikana na benki, barua za kadi za mkopo huanza kumiminika. Nyingi humwahidi kwamba kila atakapotumia dola 100 atarudishiwa dola moja na nusu, mbili, wakati mwingine tano. Hiyo ndiyo keshibeki, na ni pesa ya kweli. Kwa familia inayonunua chakula na mafuta ya gari kila wiki inaweza kufika mamia ya dola kwa mwaka.

Ila pesa hiyo hiyo inaweza kuliwa yote ndani ya miezi miwili, na mwenyewe asijue.

Kwanza, riba

Chukua mtu aliyetumia dola 1,000 kwa kadi inayorudisha asilimia 2. Keshibeki yake ni dola 20. Asipolipa deni hilo, na riba ya kadi ikiwa asilimia 22 kwa mwaka, jambo la kawaida kabisa Marekani, atatozwa takriban dola 18 kwa mwezi mmoja tu. Mwezi wa pili zawadi imekwisha, na sasa yeye ndiye anayeilipa benki.

Kuna jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Anayelipa bili nzima kila mwezi hupewa muda usio na riba, kwa kawaida siku 21 au zaidi tangu bili itoke hadi tarehe ya mwisho ya kulipa. Akibakiza deni, hata dogo, kadi nyingi humwondolea muda huo. Kila anachonunua baada ya hapo, hata kikombe cha kahawa, huanza kuhesabiwa riba siku hiyo hiyo.

Kile kiwango cha chini cha kulipa kinachoandikwa kwenye bili humwepusha mtu na faini ya kuchelewa. Hakimwepushi na riba. Njia salama ni kuweka malipo yanayokatwa yenyewe kwenye akaunti ya benki, na kuchagua bili yote. Kwenye programu za simu chaguo hizo mbili hukaa jirani, na kidole huteleza.

Ambaye tayari ana deni la kadi hana haja ya kuhangaika na keshibeki kwa sasa. Alipe deni kwanza.

Kadi ifuate kapu la nyumbani

Kadi hizi ziko za aina tatu. Ya kwanza hurudisha kiwango kimoja kwa kila kitu. Citi Double Cash, kwa mfano, hutoa asilimia 2: moja wakati wa kununua, nyingine wakati wa kulipa bili. Kwa mtu asiyetaka kuumiza kichwa, hii inatosha kabisa.

Ya pili hubadilisha aina ya matumizi kila miezi mitatu. Discover it hutoa asilimia 5, robo hii labda supamaketi, robo ijayo labda migahawa, lakini kwa dola 1,500 za kwanza tu kila robo. Maana yake mtu hawezi kupata zaidi ya dola 75 kwa asilimia hiyo ndani ya miezi mitatu. Tena lazima abonyeze kitufe cha kujiunga kila robo inapoanza. Akisahau, anapata asilimia 1 tu.

Ya tatu hulipa vizuri kwa aina fulani ya matumizi siku zote, na hapa ndipo ada ya mwaka huingia. American Express ina kadi mbili zinazofanana. Blue Cash Preferred hurudisha asilimia 6 kwenye supamaketi za Marekani, hadi dola 6,000 kwa mwaka, na ada yake ni dola 95. Blue Cash Everyday hurudisha asilimia 3 kwa kikomo hicho hicho, bila ada.

Ipi ni bora? Tofauti yao kwenye supamaketi ni asilimia 3. Ili asilimia hizo 3 zilipe ada ya dola 95, familia inahitaji kununua chakula cha takriban dola 3,170 kwa mwaka, yaani kama dola 61 kwa wiki. Nyumba ya watoto wanne inapita hapo bila jasho. Mtu anayeishi peke yake na kula kazini huenda asifike, na ya bure ndiyo yake.

Lakini "supamaketi" hapo ina maana ya benki, si ya mnunuzi. Walmart, Target na Costco hazihesabiwi, hata kapu likiwa limejaa mchele na maziwa. Kinachoangaliwa ni namba ya aina ya biashara ambayo duka limesajiliwa nayo. Duka dogo la Kiafrika linalouza unga wa ugali na samaki wakavu linaweza kuwa limesajiliwa kwa namba nyingine kabisa. Njia rahisi ni kununua kitu kidogo, kisha kuangalia kwenye programu kimepewa asilimia ngapi.

Zawadi kubwa kuliko zote, kwa kweli, huwa ile ya kufungua kadi. Dola 200 baada ya kutumia dola 500 katika miezi mitatu ya kwanza ni ofa inayoonekana mara kwa mara. Kwa kadi ya asilimia 2, kupata dola 200 kunahitaji manunuzi ya dola 10,000. Ila anayenunua vitu asivyovihitaji ili afikishe kiwango hicho amejitega mwenyewe.

Kutuma pesa nyumbani

Hapa ndipo Waafrika Mashariki wengi wanapaswa kuwa macho. Programu za kutuma pesa kwenda M-Pesa au benki za nyumbani nyingi hukubali kadi ya mkopo, na mtu hufikiri atapata keshibeki juu ya pesa ya mama. Mara nyingi benki huhesabu muamala huo kama kutoa keshi kwa mkopo. Hapo hakuna keshibeki, riba huanza siku hiyo hiyo, na kuna tozo ambayo kwa kadi nyingi ni asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa. Kwa dola 300, hiyo ni dola 15 zimekwenda kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Pesa ya nyumbani itumwe kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya debiti.

Anayesafiri kwenda Dar es Salaam au Mombasa naye aangalie masharti ya kadi yake. Kadi nyingi za keshibeki hutoza kama asilimia 3 kwa malipo ya nje ya Marekani, kwa hiyo anayerudishiwa 2 anapoteza 1. Zipo zisizotoza, zikiwemo za Capital One. Na mashine ya hoteli ikiuliza kama alipe kwa dola au shilingi, achague shilingi. Akichagua dola, kiwango cha kubadilishia hupangwa upande wa mashine, na kwa kawaida humuumiza mlipaji.

Kodi ya nyumba na karo ni vivyo hivyo. Mpokeaji akiongeza tozo ya asilimia 2.5 au 3 kwa anayelipa kwa kadi, keshibeki ya asilimia 2 haina maana.

Kwa anayeanza

Asiye na historia ya mkopo Marekani hunyimwa kadi nyingi nzuri. Anaweza kuanza na kadi ya dhamana: anaweka pesa yake benki, mara nyingi kuanzia dola 200, na hiyo huwa kikomo chake. Discover it Secured hutoa keshibeki hata kwa kadi ya namna hii, asilimia 2 kwenye vituo vya mafuta na migahawa, kwa dola 1,000 za kwanza kila robo.

Keshibeki ya manunuzi kwa kawaida haikatwi kodi, kwa sababu mamlaka ya kodi, IRS, huichukulia kama punguzo la bei. Ikitumika kupunguza bili, mara nyingi haihesabiwi kama malipo ya mwezi, hivyo kiwango cha chini bado kinadaiwa. Bidhaa ikirudishwa dukani, keshibeki yake nayo hukatwa. Na anayetaka kufunga kadi atoe kwanza keshibeki yote iliyobaki, kwa sababu kadi ikishafungwa pesa hiyo inaweza kupotea.