Viatu vya Askari wa Kristo

Kila aliyekulia kanisani katika nchi zetu ameusikia mfano wa askari. Mkristo aliye tayari, tunaambiwa, ni yule aliyevaa silaha zote za Mungu: mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo na upanga. Mfano huu umo katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, na watoto wa shule ya Jumapili huuchora kwa rangi kabla hawajaweza kuchora ramani ya nchi yao. Ni mfano mzuri, wala sina nia ya kuufuta. Ila nadhani tumeutumia muda mrefu bila kuuliza umetoka wapi na umepita mikononi mwa nani. Mimi si mchungaji wala mwanatheolojia. Ni msomaji wa historia, na historia hutulazimisha kuuliza yale ambayo mazoea yameyafunika.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Neno "silaha" tumelipata kwa Waarabu, na "dirii" vilevile. "Chapeo" tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni kofia tu. Wareno hao ndio walioanza mwaka 1593 kujenga ngome pale Mombasa, wakaijaza mizinga, kisha wakaipa jina la Yesu. Basi hata kabla mhubiri hajafungua kinywa, maneno yake yamekwisha kubeba vita vya watu wengine. Tena, kwa masikio yetu silaha ni kitu cha kumdhuru mtu: bunduki, mkuki, panga. Lakini hesabu vile vitu sita. Vitano ni vya kujikinga au kujifunga mwilini. Ni upanga peke yake unaoweza kujeruhi, na huo mwandishi anaueleza papo hapo kwamba ni neno la Mungu.

Picha hii ilitoka wapi? Mahubiri mengi husema kwamba mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimtazama askari wa Kirumi aliyemlinda, akaandika alichokiona. Huenda ikawa hivyo, maana waraka wenyewe unasema kwamba mwandishi yu katika minyororo. Lakini kipo chanzo cha zamani zaidi, nacho ni kitabu cha Isaya. Katika sura ya 59 ni Mungu mwenyewe anayevaa haki kama dirii na wokovu kama chapeo, kwa kuwa ameona kweli imeanguka njiani na hakuna mtu wa kuwatetea wanaoonewa. Katika sura ya 52 nabii anaisifu miguu ya mjumbe aletaye habari ya amani. Mwandishi wa Waefeso amekusanya vipande hivyo akavifanya vazi moja. Ukiyaweka maandiko hayo mawili sambamba, utaona pia alichokiacha. Katika Isaya Mungu anavaa mavazi ya kisasi. Katika Waefeso mavazi hayo hayamo, na Mkristo hakupewa ayavae.

Wapo wahubiri wanaosema kwamba askari wa Kirumi hakuwa na kinga mgongoni, na kwamba hilo ni fundisho: Mkristo asigeuke nyuma. Ni maneno matamu kuyasikia, lakini si kweli. Dirii ya Kirumi, iwe ya minyororo iliyosukwa au ya mabamba ya chuma, ilikinga kifua na mgongo. Mabamba ya namna hiyo yalifukuliwa mwaka 1964 huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, na umbo lake linajulikana vizuri. Isitoshe, katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, dirii si haki tena bali ni imani na upendo. Paulo hakuwa anatunga orodha ya ghala la jeshi. Alikuwa akitumia lugha ya mifano, na mifano haipendi kubanwa kila kifungo.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Tunapozungumzia utayari wa Mkristo, mawazo yetu hukimbilia upanga na ngao. Lakini isome sura ile kwa makini uone neno "utayari" limewekwa wapi. Halikuwekwa kwenye upanga wala kwenye ngao. Limewekwa miguuni, kwenye viatu, na utayari wenyewe ni wa Injili ya amani. Na amri inayorudiwa pale ni kusimama imara. Hakuna mahali anapoambiwa mtu ashambulie. Tena mwandishi anatangulia kusema wazi kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama.

Waliousikia waraka huo mara ya kwanza hawakuwa na jeshi. Walikuwa watu wachache katika miji ya dola kubwa, wengine watumwa, na askari waliowajua ni wale waliokuja kukamata watu. Kwao ule mfano ulikuwa kama fumbo la kupindua mambo: asiye na upanga anaambiwa kwamba amekwisha kuvikwa. Walilielewa fumbo hilo. Tertullian wa Carthage, mjini ambapo leo ni Tunisia, aliandika mwanzoni mwa karne ya 3 kwamba Bwana alipomnyang'anya Petro upanga, alimvua kila askari mshipi wake. Mwaka 295 kijana mmoja wa miaka 21, Maximilian, aliletwa mbele ya liwali huko Tebessa, katika Algeria ya leo, ili aandikishwe jeshini. Akakataa, akisema yeye ni askari wa Kristo. Aliambiwa kwamba wapo Wakristo wengine wanaotumikia majeshi ya wafalme. Hakubadili neno, akauawa. Kwa Maximilian, kuwa askari wa Kristo ilikuwa ndiyo sababu ya kutobeba silaha.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 312 Konstantino alishinda vita karibu na daraja la Milvian, nje ya Roma, akiamini kwamba Mungu wa Wakristo amempa ushindi. Haikutimia miaka mia na kidogo kabla ya sheria za dola kuwafungia wapagani mlango wa jeshi. Karne zikapita. Mwaka 1095 Papa Urban II alihubiri vita ya msalaba huko Clermont, Ufaransa, na mwaka 1099 waliovaa msalaba waliingia Yerusalemu wakawachinja Waislamu na Wayahudi. Katika karne ya 12 Bernard wa Clairvaux alimsifu askari mtawa aliyevaa imani rohoni na chuma mwilini, akafundisha kwamba askari huyo akimuua mwovu hajaua mtu, ameua uovu. Msomaji, tazama umbali tuliosafiri. Maneno ni yaleyale, lakini damu na nyama ndizo zilizogeuka kuwa adui.

Hakukosekana wa kupinga. Mwaka 1503 Erasmus wa Rotterdam alitoa kitabu juu ya askari Mkristo, akakiita kwa neno la Kigiriki lenye maana mbili, kitabu cha mkononi na kisu kidogo. Vita aliyoizungumzia ni ya mtu na tamaa zake mwenyewe, na baadaye aliandika kwa ukali dhidi ya wafalme waliopenda vita. Na mwaka 1865 mambo mawili yalitokea Uingereza. Kasisi Sabine Baring-Gould alitunga wimbo wa askari Wakristo kwa ajili ya maandamano ya watoto wa kijijini, na wimbo huo ukaenea dunia nzima pamoja na dola ya Waingereza. Mwaka huohuo William Booth alianza kazi kati ya maskini wa mashariki ya London, kazi iliyoitwa Jeshi la Wokovu mwaka 1878. Jeshi hilo, lililofika Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, lina vyeo, bendera na sare, lakini halina bunduki. Mfano mmoja, na matumizi mawili yaliyo mbalimbali kabisa.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeyaonja yote mawili. Mwaka 1914 mataifa ya Kikristo ya Ulaya yalipigana, na askari wa Kijerumani walivaa mishipi yenye bamba lililoandikwa kwamba Mungu yu pamoja nao. Mshipi, ambao katika waraka ni kweli! Vita hiyo ililetwa mpaka kwetu. Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi, wengi wao pekupeku, walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam limebaki kutokana na kikosi chao. Pale Nairobi, kwenye sanamu za ukumbusho za Kenyatta Avenue, maandishi yanawaita wapagazi hao miguu na mikono ya jeshi. Miguu tena, ila safari hii haikufungiwa amani, na hata kiatu haikupata.

Na hatuwezi kuwalaumu Wazungu peke yao. Mwaka 1986, kaskazini mwa Uganda, Alice Lakwena alikusanya watu, akawapaka mafuta na kuwanyunyizia maji, wakaamini kwamba risasi hazitawapata. Waliimba nyimbo za kanisa wakienda vitani. Mwaka 1987 walifika karibu na Jinja, na huko wakavunjwa, baada ya wengi kuangamia njiani. Hiyo ndiyo dirii ya haki iliyochukuliwa kama chuma.

Lakini upo upande wa pili. Wakati wa hali ya hatari Kenya, kuanzia mwaka 1952, walikuwapo Ndugu wa Uamsho, wale waliotokana na moto ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na walikataa vilevile bunduki za serikali. Kila upande uliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Nikiulizwa ni nani katika nchi zetu aliyeielewa sura ya 6 ya Waefeso, nitawataja hao.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu maombi ya vita yameenea, na adui anayeombewa aanguke mara nyingi ana uso. Nimeketi katika mikesha ambapo, kufikia saa nane za usiku, shetani amekwisha kuwa shangazi, jirani au mke mwenza. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ya Tanzania, vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, yalichukuliwa kuwa dalili ya uchawi. Sisemi kwamba mahubiri ndiyo yaliyowaua, maana imani hiyo ni ya kale kuliko kanisa kwetu. Nasema kwamba mtu aliyefundishwa kila juma kuwa yu vitani atamtafuta wa kupigana naye, na aliye karibu na mnyonge ndiye huonekana kwanza.

Basi tuuache mfano huu? La. Aliyeuandika alikuwa amefungwa minyororo, na wanaoonewa bado wanauhitaji, maana unawaambia kwamba wanaweza kusimama. Hatari huanza unapotamkwa na mwenye nguvu dhidi ya asiye nazo. Kila tunapousikia, tuulize kwanza nani anauzungumza, na adui aliyemtaja ni nani. Na tunapowapa watoto kalamu za rangi wamchore askari wa Kristo, tuwaombe waanze na viatu, kisha tuwaulize viatu hivyo vinampeleka kwa nani, na anabeba habari gani.