Picha za safari: Ushahidi wa majumba na milima inayobadilika

Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa linalotazama bahari katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Ukarabati ulikuwa ukiendelea, na watu wawili walipoteza maisha chini ya kifusi. Kuanzia saa ile, picha za jumba hilo zilizokuwa zimelala katika simu na albamu za watu waliowahi kupita Forodhani zilibadilika maana. Jana yake zilikuwa kumbukumbu za matembezi. Sasa zilionyesha kitu ambacho hakikuwapo tena.

Kupiga picha za mandhari na majengo huhesabiwa kuwa burudani ya msafiri, jambo la kuwaonyesha jamaa nyumbani. Hata hivyo, katika nchi jirani za Tanzania na Uganda picha za aina hiyo, za wageni na za wenyeji, ni miongoni mwa ushahidi unaotegemewa pale jengo linapoanguka, linapoungua, au barafu inapopungua mlimani. Lakini ushahidi una masharti yake, na picha nyingi nzuri hazitimizi hata moja.

Kutoka mapambo hadi vipimo

Wazo la kuhifadhi jengo kwa njia ya picha ni la zamani, karibu sawa na umri wa kamera yenyewe. Upigaji picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839. Mwaka 1851 serikali ya Ufaransa iliwatuma wapigapicha watano katika mikoa mbalimbali ya nchi hiyo kupiga picha za makanisa, ngome na madaraja ya kale, ili kujua ni yapi yanayohitaji kukarabatiwa. Katika miaka hiyohiyo Mfaransa mwingine, Maxime Du Camp, alikuwa akirejea kutoka Misri na picha za mahekalu ya mto Nile, mengine yakiwa bado yamefunikwa na mchanga hadi nusu ya nguzo zake.

Aliyeigeuza picha kuwa kipimo ni Mjerumani Albrecht Meydenbauer. Mwaka 1858, akiwa kijana aliyepewa kazi ya kupima kanisa kuu la mji wa Wetzlar, aliponea chupuchupu kuanguka kutoka juu ya jengo hilo. Tangu hapo alijiuliza kwa nini mtu ahatarishe maisha yake kwa kupanda na kamba ya kupimia, ilhali vipimo vingeweza kutolewa katika picha. Mwaka 1885 taasisi ya serikali ya Prussia kwa ajili ya kazi hiyo ilianzishwa mjini Berlin chini ya uongozi wake, na kwa miongo kadhaa iliyofuata ilikusanya maelfu ya picha za majengo kwenye vioo vikubwa. Baadhi ya majengo hayo yalibomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia, na picha zake zikawa msingi wa kuyajenga upya.

Kanuni yenyewe si ngumu kuieleza. Ukipiga picha ya dirisha ukiwa mahali pamoja, utajua liko upande gani, lakini hutajua liko umbali gani. Ukisogea hatua kadhaa na kulipiga tena, mistari miwili ya kuona hukutana kwenye dirisha, na umbali hupatikana kwa hesabu ya pembe. Leo kompyuta hufanya hesabu hiyo kwa mamia ya picha kwa pamoja na kutoa umbo kamili la jengo, mradi kila sehemu ionekane katika picha zaidi ya moja.

Mfano unaofundisha zaidi unatoka Afghanistan. Sanamu mbili kubwa za Buddha katika bonde la Bamiyan zililipuliwa na Taliban mwezi Machi 2001. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, walijaribu kuliunda upya umbo la sanamu kubwa kwa kompyuta, wakitumia makundi tofauti ya picha: zilizopatikana katika intaneti, za mtalii, na chache zilizopigwa mwaka 1970 kwa kamera maalumu ya vipimo. Picha za intaneti zilitoa umbo la jumla tu, kwa kuwa zilikuwa ndogo na zimepigwa nyakati na umbali tofauti. Zile chache za mwaka 1970 ndizo zilizorudisha hata mikunjo ya vazi la sanamu. Wingi wa picha haukuwa na faida kubwa kama mpangilio wake.

Beit al-Ajaib ipi?

Turudi Zanzibar. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash bin Said kwa ajili ya sherehe za kifalme, na likapata jina lake kwa sababu ya maajabu yaliyokuwa ndani, ukiwamo umeme na lifti. Anayelijua jumba hilo kwa postikadi za karne ya 20 atadhani kwamba mnara wa saa ulikuwa sehemu yake tangu mwanzo. Picha za kabla ya mwaka 1896 zinasema vingine: mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari, ukitumika pia kuongoza vyombo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliishambulia kasri ya Sultan katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Mnara uliharibiwa, na Beit al-Hukm, jumba lililokuwa jirani, likabomoka. Mnara mpya ulijengwa baadaye ukiwa umeunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib, na huo ndio ulioanguka mwaka 2020.

Kwa hiyo, anayesema jumba lirudishwe kama lilivyokuwa hana budi kueleza anakusudia lini. Bila tarehe, picha mbili za jengo hilohilo zinaweza kupingana na zote mbili zikawa kweli.

Picha za zamani za Zanzibar zimesalia kwa wingi kwa sababu mji huo ulikuwa na studio zake mapema. Studio ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, familia zenye asili ya Goa, zilipiga picha za majumba, bandari na mitaa na kuwauzia abiria wa meli. Nyingi ziliondoka na wanunuzi. Leo mkusanyiko mmoja mkubwa, unaojulikana kwa jina la Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani. Unaweza kutazamwa mtandaoni, na hilo ni jambo jema, ingawa ni ajabu kidogo kwamba fundi wa Shangani anayetaka kuuona mtaa wake wa zamani hulazimika kwanza kubisha hodi Illinois.

Picha hizo zina upungufu mmoja mkubwa. Karibu zote zimepigwa kutoka baharini au Forodhani, ambako jumba linapendeza. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na adui wake mkubwa ni maji yanayopenya juu na kuozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta. Uharibifu huo huanzia kwenye paa, kwenye mifereji na chini ya roshani, mahali ambapo hakuna msafiri anayeelekeza kamera. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Nani alipiga picha za nyufa kabla ya hapo, mwaka baada ya mwaka, kutoka mahali palepale? Picha za namna hiyo hazipendezi kuzitazama, wala hakuna anayezinunua.

Kasubi: Kisichoonekana katika picha

Nchini Uganda hasara ilikuja kwa moto. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi jijini Kampala, iliteketea. Nyumba hiyo ya mviringo, yenye paa la nyasi linaloshuka karibu kugusa ardhi, ilijengwa mwaka 1882 kama kasri ya Kabaka Muteesa wa Kwanza. Humo wamezikwa makabaka wanne wa Buganda. UNESCO ilikuwa imeiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Baada ya moto ikaiweka katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, na kuiondoa huko mwaka 2023 baada ya kazi ya ujenzi mpya.

Picha za Kasubi hazikukosekana. Zilionyesha umbo la paa, lango, ua, na mabadiliko ya mwaka 1938 ambapo zege na chuma viliingizwa katika jengo lililokuwa la miti, matete na nyasi. Lakini picha ya paa la nyasi haimfundishi mtu kuezeka. Kazi hiyo kwa desturi ni ya ukoo wa Ngeye, ambao alama yake ni mbega, na ina taratibu na miiko yake. Pete 52 zilizo chini ya paa, zinazowakilisha koo za Waganda, zinaweza kuhesabiwa katika picha; jinsi zinavyofungwa hukaa mikononi mwa mafundi. Tena kuna sehemu ya ndani, nyuma ya pazia la gome la mti, inayoitwa msitu mtakatifu, ambayo si ya wageni kabisa. Huko kamera haina nafasi, na haipaswi kuitafuta.

Hesabu ya barafu

Katika milima mambo ni tofauti: huko hakuna kinachojengwa upya. Mwezi Juni 1906 msafara wa mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, ulifika kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chenye urefu wa mita 5,109. Pamoja naye alikuwa Vittorio Sella, mmoja wa wapigapicha mashuhuri wa milima. Rwenzori hufunikwa na mawingu na mvua karibu mwaka mzima, na mpigapicha huko hana budi kuvizia vipindi vifupi vya anga kufunguka. Sella alitafuta picha zenye kupendeza, na akazipata. Bila kukusudia, aliacha pia rekodi ya barafu. Wakati huo ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 6.5 juu ya milima sita. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilomita moja ya mraba, na milima mitatu kati ya hiyo haikuwa nayo tena.

Kilimanjaro, watafiti walikadiria kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia 2007. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliporudi mwaka 1898 alishangaa kuona jinsi barafu ilivyorudi nyuma katika muda wa miaka tisa tu. Mwaka 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kibo na kupiga picha kutoka angani.

Hapa lugha hutusumbua sisi tunaotafsiri habari hizi. Theluji huanguka usiku na pengine kuyeyuka kabla ya adhuhuri. Barafuto, yaani barafu ya kudumu iliyojengeka kwa karne nyingi, ni kitu kingine. Katika mazungumzo yote huitwa theluji, na kamera nayo haitofautishi. Ndiyo maana kila baada ya mvua kubwa husambaa picha za Kibo ikiwa nyeupe pe, zikifuatana na maneno kwamba barafu imerudi. Haijarudi. Picha inayofaa kulinganishwa hupigwa katika msimu wa ukavu, kutoka mahali palepale pa picha ya zamani. Mpigapicha hupapata mahali hapo kwa kusogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, hadi jiwe la karibu na ncha ya mlima wa mbali vikae kama vilivyokaa katika picha ya kwanza. Kazi hiyo yaweza kumaliza siku nzima.

Kwa msafiri wa kawaida, masharti ni machache. Apige jengo zima kwanza, bila mtu mbele yake, kisha kila upande, akihakikisha kila picha inaingiliana na iliyotangulia. Asiuache upande wa nyuma. Kwenye picha ya ufa aweke kitu kinachojulikana ukubwa wake, hata sarafu. Makaburini na misikitini aombe ruhusa, na asirushe droni kabla ya kupata kibali cha mamlaka za nchi husika, la sivyo inaweza kutaifishwa. Simu huandika tarehe, saa na mara nyingi mahali ndani ya faili, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa hizo hufutwa na ukubwa wake kupunguzwa. Faili halisi ndiyo ya kuhifadhi.

Anayetaka kuanza kulinganisha ana pa kuanzia. Picha za Mittelholzer ziko katika maktaba ya ETH Zürich, na kwa sehemu kubwa hutazamwa mtandaoni bila malipo. Maktaba hiyo pia hupokea masahihisho ya maelezo ya picha kutoka kwa umma, kwa hiyo mkazi wa Moshi anayeitambua kona iliyoandikwa jina lisilo lake anaweza kuandika na kuwaeleza.