Neno "Uhuru" na Historia Yake

Makada wengi hulitamka neno "uhuru" kana kwamba lilizaliwa pamoja na TANU tarehe 7 Julai, 1954. Sivyo. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na lilikuwa na kazi nyingine kabla halijawa neno la umma. Maneno hutumiwa na watu walio katika uhusiano fulani wa uzalishaji mali, na uhusiano huo unapobadilika, maana nazo hubadilika, mara nyingi polepole hata watu wasitambue.

Tuitazame jamii ya pwani na visiwani katika karne ya 19. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na kila daraja ilikuwa na jina lake. Mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa hapo hapo pwani. Mjinga alikuwa mtumwa mgeni, aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji. (Ndugu wanaofundisha kisomo cha watu wazima na wakumbuke kwamba neno hilo halikuanza kama jina la mtu asiye na akili, lilikuwa jina la mtu aliyeng'olewa kwao.) Na alikuwepo mtu aliyeachwa huru na bwana wake. Huyu hakuwa mtumwa tena, lakini hakuwa mwungwana. Aliendelea kumtegemea bwana wa zamani na kumpa heshima. Uungwana mtu alizaliwa nao, uhuru alipewa.

Waliodharauliwa hawakuukubali mpango huo kimya kimya. Wapagazi na askari wa misafara iliyofika Manyema, wengi wao watumwa au watu walioachwa huru, walijiita waungwana walipokuwa mbali na mabwana wa pwani. Hadi leo jina Kingwana la Kiswahili cha mashariki ya Kongo linatokana na hao.

Mwaka 1897, Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Waingereza, Sultani alitoa amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria. Amri yenyewe inafaa kusomwa kwa makini. Mtumwa hakuwa huru siku ile. Ilimbidi aende mahakamani kuomba. Fidia ilikuwa ya bwana, si ya aliyefanya kazi. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Na ardhi? Ilibaki kwa mwenye shamba. Wengi walibaki pale pale, wakalima muhogo chini ya mikarafuu na kumpalilia mwenye shamba kwa malipo ya kuruhusiwa kukaa. Huo ndio uhuru uliotolewa kwa karatasi.

Utumwa ulipokwisha, bara la Tanganyika mwaka 1922, "mwungwana" alipoteza mtu wa kujipima naye. Neno likageuka kuwa la adabu tu: mpole, mstahimilivu, mtu wa maneno mazuri. Tabaka lilisahauliwa, sifa zake zikabaki.

Harakati za kupinga ukoloni hazikudai uungwana. Zilichukua neno la chini, neno la yule aliyekuwa mtumwa, zikalifanya la nchi nzima. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa ambalo vitabu vyetu vya historia vimelipita haraka mno. Lakini neno lilikuja na mzigo wake. Baada ya tarehe 9 Desemba, 1961 watu wakaanza kusema juu ya "uhuru wa bendera", na swali lilikuwa lile lile la Pemba: bwana ameondoka, shamba ni la nani? Mwanafunzi anayefafanua uhuru kuwa ni ruhusa ya kufanya utakalo bado anasema lugha ya mahakama ya 1897. Ruhusa ina mwenye kuitoa.

Zanzibar ilijibu kwa kuitaifisha ardhi mwaka 1964, na baadaye wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Azimio la Arusha la 1967 lilijibu kwa kuweka benki na njia nyingine kuu za uchumi mikononi mwa umma, na kwa miiko ya uongozi. Mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa, viongozi wakaruhusiwa kuwa na hisa na nyumba za kupangisha. Swali la shamba bado liko mezani.