Bei ya Bastola Mbovu

Tarehe 19 Juni 2019, katika nyumba ya minada ya Drouot mjini Paris, iliuzwa bastola ambayo hakuna fundi angekubali kuitengeneza. Chuma chake kimeliwa na kutu, na mti wa kitako hauonekani tena. Kwa kipimo cha fundi hiyo ni chuma chakavu, kwani hakuna kipande kinachoweza kung'olewa na kutiwa katika bastola nyingine. Hata hivyo ilikadiriwa kuwa euro 40,000 hadi 60,000, na mnunuzi akalipa 162,500, ada za mnada zikiwemo.

Sababu yajulikana. Mkulima mmoja aliiokota katika miaka ya 1960 shambani huko Auvers-sur-Oise, mahali ambapo mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi tarehe 27 Julai 1890. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikaa udongoni miaka mingi inayokubaliana na habari hiyo. Lakini kukubaliana si kuthibitisha, na waliopinga mnada ule hawakukosa hoja.

Bastola ya namna hiyohiyo, ya Lefaucheux yenye kipenyo cha milimita 7, ilikwisha kuuzwa Paris tarehe 30 Novemba 2016 kwa euro 434,500. Hiyo ndiyo Paul Verlaine aliyoinunua Brussels tarehe 10 Julai 1873 na kumjeruhi nayo mshairi mwenzake Arthur Rimbaud kifundoni mwa mkono. Nguvu ya ushahidi wake ilikuwa namba iliyochongwa katika chuma, iliyolingana na daftari la muuza silaha.

Hapo ndipo penye mgongano. Anayeuza silaha mbovu kwa vipande hupata faida kwa kuvitawanya: silinda kwa huyu, kinyundo kwa yule. Risasi za Lefaucheux, zenye msumari mdogo uliotokeza ubavuni, zilipitwa na wakati kabla ya karne ya 19 kwisha. Basi vipande vyake hutafutwa na wakusanyaji tu. Lakini kila kipande kinapoondoka, namba hubaki pekee, na ushahidi hufifia. Soko la vipande hula soko la historia.

Afrika ya Kati iliijua biashara hiyo kutoka upande mwingine. Mafundi wa Liège, ambao wengi walifanya kazi majumbani mwao, huyu mtutu, yule mtambo, walinunua bunduki zilizoachwa na majeshi ya Ulaya, wakazifumua na kuziunga upya kwa ajili ya soko la Afrika. Mkataba wa Brussels, uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890, siku 25 tu kabla ya mlio ule wa Auvers, ulizuia silaha kuingizwa kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Hivyo sheria yenyewe iliipa bei bunduki iliyokwisha kupitwa na wakati huko ilikotengenezwa.

Bunduki hizo zilipoharibika hazikutupwa. Wahunzi wa Wachokwe walisifika kwa kuzitengeneza. Mtutu ndio uliowashinda kuufua, kwa hiyo mtutu wa zamani ulikuwa na thamani yake hata ukiwa peke yake. Bunduki iliyounganishwa kwa viungo vya nyingine tatu haina namba moja ya kutafutwa daftarini, na dalali wa Paris asingejua aandike nini katika orodha yake.

Lugha imehifadhi kile ambacho chuma hakikuweza. Neno gumegume lataja jiwe la kuwashia. Fataki lataja kifuniko cha baruti kilichochukua nafasi ya jiwe hilo. Gobori lataja bunduki ya kushindiliwa mdomoni. Hamed bin Muhammed mwenyewe alieleza kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Bunduki hizo, kwa wingi wao, ziliishia kuwa vipande.