Mafuta Yalisafishwa, Mipira Ikavuja: Historia Fupi ya Mipira ya Dizeli

Kuna ugonjwa ambao kila fundi wa malori ya zamani anaujua. Lori limeegeshwa jioni likiwa zima. Asubuhi linapigwa stata mpaka betri inaanza kuchoka, linawaka kwa kusitasita, halafu likishapata moto linaenda kama halijawahi kuumwa. Ukichungulia chini hakuna tone la dizeli. Filta ni mpya. Mara nyingi kosa liko kwenye kipande cha mpira cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekifikiria.

Kwa nini kipande hicho kiharibike? Jibu rahisi ni "uzee". Ni kweli, lakini halitoshi. Ipo miaka ambayo mipira na sili za magari ya dizeli zilivuja kwa wingi, katika msimu mmoja, kana kwamba zilipewa amri. Ili kuelewa kilichotokea inabidi tujue mpira umetengenezwa na nini, na dizeli imebadilikaje.

Njia tatu za mafuta

Tuanze na ramani. Lori la dizeli la mtindo wa zamani lina njia tatu za mafuta. Ya kwanza inatoka kwenye tenki hadi kwenye fidi pampu, ile pampu ndogo ya kuvuta. Hapa mafuta yanavutwa kama unavyovuta soda kwa mrija. Mpira ukipata ufa upande huu, mara nyingi dizeli haimwagiki nje, bali hewa inaingia ndani. Ndiyo maana chini ni pakavu na bado gari linagoma.

Ya pili inatoka kwenye pampu kubwa kwenda kwenye nozeli. Hii ni bomba nene la chuma, maana shinikizo lake ni mamia ya bar. Dizeli haibonyezeki kirahisi, hewa inabonyezeka. Hewa ikifika huku, pampu inahangaika kuibonyeza badala ya kufungua nozeli.

Ya tatu ni ritani, vile vimipira vyembamba vinavyorudisha mafuta yaliyobaki kwenye nozeli. Vinakaa juu ya injini, kwenye joto, na mafuta yenyewe yanarudi yakiwa ya moto. Hivi ndivyo huzeeka haraka.

Mpira usiopatana na mafuta

Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba mpira wa asili ukipikwa pamoja na salfa unaacha kuyeyuka wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Ugunduzi huo ndio uliotupatia matairi, mikanda na mipira ya maji. Lakini mpira wa asili una udhaifu mmoja mkubwa: haupatani na mafuta ya petroli. Chukua rababendi ya kawaida, itie kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi utaikuta imevimba, imelegea, inakatika ukiigusa.

Injini ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi vizuri kule Augsburg mwaka 1897 haikuhitaji mpira mwingi kwenye njia ya mafuta. Ilikuwa imefungwa sakafuni, haiendi popote, kwa hiyo mabomba ya chuma yalitosha. Mambo yalibadilika dizeli ilipopanda kwenye lori. Benz na MAN walitengeneza malori ya dizeli kati ya 1923 na 1924, na mwaka 1927 Bosch wakaanza kutoa pampu za dizeli kwa wingi. Sasa injini inatikisika upande wake na chasisi inajipinda upande wake. Bomba la shaba linalotikiswa hivyo siku nzima hukakamaa, kisha hupasuka. Palihitajika kiungo laini katikati, na kiungo hicho kisiwe mpira unaovimba kwenye mafuta.

Jibu lilitoka maabara. Mwaka 1930, katika kundi la watafiti la Wallace Carothers kwenye kampuni ya DuPont, Arnold Collins alipata mpira wa viwandani ambao baadaye uliitwa neoprini. Ujerumani nako wanakemia Erich Konrad na Eduard Tschunkur wa IG Farben walitengeneza mpira wa nitrili. Nitrili ilistahimili mafuta vizuri zaidi, na kwa bei inayolipika.

Halafu vita ikaja. Japani ilipoteka Malaya na visiwa vya Indonesia ya leo mwaka 1942, Marekani ilipoteza sehemu kubwa sana ya mpira wake wa asili. Serikali ikamwaga fedha kwenye viwanda vya mpira wa kutengenezwa. Cha kufurahisha ni kwamba katika vita hiyo hiyo ule udhaifu wa mpira wa asili uligeuzwa kuwa dawa. Matenki ya ndege yalifunikwa tabaka la mpira wa asili nyuma ya tabaka lisiloguswa na petroli. Risasi ikitoboa, petroli inaufikia ule mpira, mpira unavimba, tundu linajiziba!

Baada ya vita nitrili ilishika usukani. Sili, oringi, vimipira vya ritani, mipira ya kutoka tenki: karibu kila lori la dizeli lililotoka kiwandani kwa miongo iliyofuata lilikuwa na nitrili mahali fulani.

Oktoba 1993

Tarehe 1 Oktoba 1993 Marekani ilishusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa kwenye dizeli ya barabarani hadi sehemu 500 kwa milioni. Sababu ilikuwa nzuri: salfa huongeza moshi wenye chembechembe na huharibu vifaa vya kusafisha moshi. Jimbo la California liliongeza sharti lake, likapunguza pia kemikali ziitwazo aromatiki.

Muda si mrefu malalamiko yakaanza. Magari yaliyokuwa makavu miaka yote yakaanza kuvuja dizeli kwenye pampu na maungio. California ikaunda kamati ya kuchunguza. Madereva wengi walimaliza kesi bila kungoja: salfa ilikuwa inalinda mpira, sasa imeondolewa.

Lakini salfa haikuwa na hatia. Kiwandani, salfa huondolewa kwa kuipitisha dizeli kwenye haidrojeni yenye shinikizo na joto. Kazi hiyo, pamoja na kuondoa salfa, hupunguza pia aromatiki. Na aromatiki ndizo zinazoingia ndani ya nitrili na kuivimbisha kidogo.

Fikiria jahazi. Likiwa majini, mbao zake zimenyonya maji, zimevimba, zimebanana, halivuji. Lipandishe pwani likae juani miezi kadhaa. Mbao zinasinyaa na maungio yanaachana. Ukilirudisha majini bila kulitia kalafati upya, linaingiza maji. Sili ya nitrili iliyoishi miaka kumi kwenye dizeli yenye aromatiki nyingi ilikuwa kama mbao hizo. Ilibana kwa sababu ilikuwa imevimba. Wakati huohuo joto lilikuwa limeikakamaza, haina tena uwezo wa kunyumbuka. Mafuta yalipobadilika, aromatiki zikatoka, sili ikasinyaa, nafasi ikabaki wazi.

Ndiyo maana tatizo lilichagua. Magari mawili yanajaza kituo kimoja, moja linavuja na jingine haliguswi. Nitrili changa ilikuwa bado inanyumbuka, kwa hiyo ilivumilia mabadiliko. Sili za mpira wa florini, maarufu kwa jina la Viton, nazo hazikusumbuka. Mpira huo DuPont waliutoa sokoni mwaka 1957. Atomu zake za florini hulinda mnyororo wa kaboni, hivyo mafuta hayauingii kirahisi, na unastahimili joto la karibu nyuzi 200. Kwa nini basi haukuwekwa tangu mwanzo? Bei. Ni ghali kuliko nitrili mara nyingi, na kwa dizeli ya enzi hizo nitrili ilitosha.

Na huku kwetu?

Mwezi Januari 2015 nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilikuwa kimeacha kazi hiyo mwaka 2013, kwa hiyo dizeli tunayoweka leo inakuja ikiwa tayari imesafishwa nje. Kwa mapafu ya watu wa Kariakoo na Nairobi hii ni habari njema. Lakini lori la miaka ya 1980 linalobeba mchanga au mahindi leo lilizaliwa kwenye dizeli nyingine kabisa.

Kwingineko duniani kuna mgeni wa pili, biodizeli, inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama. Huyu anafanya kinyume: anavimbisha na kulainisha mpira wa asili na nitrili, na akikaa muda mrefu hugeuka asidi. Shaba inaharakisha mchakato huo, kwa hiyo hata mabomba ya shaba ya zamani hayafai naye.

Ukibadilisha, badilisha ukijua

Historia hii inatupa kanuni moja: usiulize tu kama mpira ni mpya, uliza umetengenezwa kwa ajili ya mafuta gani. Kosa la njiani linalojulikana ni kuziba pengo kwa kipande cha mpira wa rejeta. Mipira mingi ya rejeta ya kisasa ni ya aina iitwayo EPDM, hodari kwenye maji ya moto, dhaifu kabisa kwenye mafuta. Kuutumia ni kurudi kwenye rababendi na mafuta ya taa.

Soma maandishi ubavuni mwa mpira. Alama SAE 30R7 ni mpira wa mafuta wa kawaida. SAE 30R9 una utando wa florini ndani, unafaa zaidi kwa mafuta ya leo. Lakini utando huo uko ndani tu. Kwa kipande kinachozama ndani ya tenki ipo aina nyingine, 30R10, kwa sababu huko mafuta yanashambulia pande zote mbili.

Kwa sehemu ndefu za kando ya chasisi, malori mengi hutumia mabomba ya nailoni. Nailoni moja maarufu ya kazi hiyo, Rilsan, hutengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, zile mbegu za mbarika unaoota wenyewe nyuma ya gereji zetu.

Kabla ya kununua chochote, weka kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya fidi pampu. Ukiona viputo vinapita, hewa inaingia upande wa kuvuta. Badilisha mipira yote ya rika moja kwa pamoja, maana iliyobaki ina umri na maradhi yaleyale. Kagua pia ndani ya mpira wa zamani: wakati mwingine tabaka la ndani hubanduka na kufunga njia kama mlango, ilhali nje unang'aa. Tumia klipu badala ya waya, weka washa mpya za shaba, pitisha mipira mbali na ekzosi, kisha toa hewa kuanzia kwenye filta.

Haya si mambo madogo. Dizeli inayomwagika taratibu haiwaki kirahisi kama petroli, lakini ikirushwa kama ukungu juu ya ekzosi yenye moto inaweza kuteketeza lori, mzigo na watu.

Kusafisha mafuta ulikuwa uamuzi sahihi, na bado ni sahihi. Ila mwaka 1993 bili ya mabadiliko ilianza kumwangukia mtu ambaye hakuwa kwenye kikao: mwenye lori kuukuu aliyeamka na kukuta dizeli chini. Sili mpya zingemgharimu kidogo kama angeambiwa mapema. Nchi inapopanga tena kubadilisha mafuta yake, tangazo la kiwango kipya lingefaa litoke pamoja na tangazo la mpira unaokifaa.