Utumiaji upya wa programu

Utumiaji upya wa programu ni utaratibu wa kuchukua kazi iliyokwisha kufanywa katika mradi mmoja wa programu za kompyuta na kuitumia katika mradi mwingine. Kinachotumiwa upya si msimbo peke yake, bali pia orodha ya mahitaji, michoro ya usanifu, majaribio na miongozo ya watumiaji.

Mwaka 1968, katika mkutano wa NATO huko Garmisch, Ujerumani, Mmarekani Douglas McIlroy alipendekeza programu ziundwe kwa vipande vilivyo tayari, kama mashine zinavyoundwa kwa vipuri.

Utaratibu huu hupunguza muda, gharama na makosa, kwa sababu sehemu ya zamani imeshajaribiwa. Lakini ilijaribiwa katika mazingira yake ya awali tu.

Hatari hiyo ilionekana tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya Ariane 5 iliporushwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Programu ya kupimia mwendo wake ilitoka kwa Ariane 4. Sehemu yake moja iliendelea kufanya kazi baada ya roketi kuruka, ikifuata hitaji la Ariane 4 ambalo Ariane 5 haikuwa nalo. Kwa kuwa kasi ya mlalo ya Ariane 5 ilikuwa kubwa zaidi, namba moja ilizidi nafasi yake ya biti 16, na kompyuta zote mbili za kupimia mwendo zikazimika. Roketi ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka, pamoja na satelaiti 4 za Cluster.

Kwa hiyo kila hitaji la zamani hulinganishwa kwanza na hali ya mradi mpya, na lisilohitajika huondolewa.