Kuku wa Batavia

Jumamosi moja tetea wetu mwekundu alitoka bandani akichechemea. Kufikia jioni alikuwa amelala ubavu karibu na pipa la maji, mguu mmoja ameukunja chini ya tumbo. Shauri la nyumba nzima lilikuwa moja: achinjwe kabla hajakonda. Bibi peke yake ndiye aliyeinama, akauliza, "Huyu amekula nini tangu juzi?"

Swali hilo nilikuwa nimelikuta siku chache kabla, katika masomo yangu ya historia ya tiba. Huko lilikuwa limechelewa sana kuulizwa, na waliolipia uchelewaji huo walikuwa askari na wafungwa.

Mahali penyewe ni Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, katika kisiwa cha Java. Miaka ya 1880 Waholanzi walikuwa wakipigana vita virefu kule Aceh, na jeshi lao lilikuwa likidhoofishwa na beriberi. Miguu ya mgonjwa hufa ganzi, huvimba au hupooza, na mwishowe moyo hushindwa. Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilituma tume ichunguze. Zama hizo za Pasteur na Koch kila ugonjwa ulitafutiwa kijidudu chake, na tume ilikwenda kutafuta kijidudu. Ilipoondoka, ilimwacha daktari kijana, Christiaan Eijkman, aendeleze kazi katika maabara ndogo ya hospitali ya jeshi.

Eijkman alitumia kuku. Wengine aliwadunga vitu vilivyotoka kwa wagonjwa, wengine akawaacha ili awalinganishe. Wote wakaugua, waliodungwa na wasiodungwa. Walianza kuyumba, wakashindwa kujishikilia kwenye vijiti vyao vya kulalia, kisha wakalala ubavu. Halafu, bila dawa yoyote, ugonjwa ukaisha.

Jibu lilitoka jikoni. Mtunza kuku wa maabara, ili kubana matumizi, alikuwa akiwapa wali kutoka jiko la hospitali, wali mweupe wa mchele uliokobolewa kabisa. Baadaye mpishi akabadilishwa, na mpishi mpya akakataa: mchele wa jeshi si wa kuku wa kiraia. Katika hotuba aliyoiandika miaka mingi baadaye kwa ajili ya Tuzo ya Nobel, Eijkman alizitaja tarehe. Wali mweupe ulitolewa tangu 17 Juni hadi 27 Novemba. Ugonjwa ulizuka 10 Julai, ukaisha siku za mwisho za Novemba.

Katika hotuba hiyo mpishi hana jina. Mtunza kuku naye hana.

Eijkman hakuishia kwenye bahati. Alirudia jaribio mara nyingi: kuku wakila wali mweupe wanapooza, wakiongezewa pumba za mchele wanasimama. Lakini kuku si watu. Hivyo Adolphe Vorderman, mkaguzi wa huduma za afya, akazunguka magereza 101 ya Java na Madura. Hakuhitaji kubadilisha chakula cha mtu yeyote, kwa kuwa tayari kila gereza lilikuwa na desturi yake. Kati ya magereza 37 yaliyotumia mchele uliobaki na ngozi yake nyembamba ya kahawia, beriberi ilionekana katika 1 tu. Kati ya 51 yaliyotumia mchele mweupe, ilionekana katika 36. Huwa nasita kwenye tarakimu hiyo ya mwisho. Ndani ya magereza hayo 36 walikuwamo watu ambao hawakuchagua sahani yao, wala hawakuwa na mpishi mkali wa kuwanyima wali mweupe.

Hata hapo Eijkman aliona nusu. Alidhani wali mweupe una sumu na pumba zina cha kuizima. Ni mwenzake katika maabara hiyohiyo, Gerrit Grijns, aliyesema mwaka 1901 kwamba hakuna sumu: kuna kitu mwili unakihitaji, nacho kinaondoka na pumba. Mwaka 1926 Jansen na Donath, wakiwa Batavia, walikitoa kitu hicho kwenye pumba kikiwa safi. Leo tunakiita vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Nobel pamoja na Hopkins wa Uingereza. Grijns hakupewa.

Nilimsimulia Bibi haya tukiwa tumechuchumaa pale kwenye pipa. Alicheka. Kwetu mchele wa mgeni ni ule mweupe pe, na pumba tukirudi mashineni ni za kuku. "Kwa hiyo kuku wako wa huko waliumwa kwa kula chakula cha wakubwa," akasema.

Tetea wetu hakuwa mgonjwa wa chakula. Alikuwa amekula pumba zake kama wenzake. Ila Bibi, akiwa ameshainama, alimgeuza, akauosha mguu kwa maji ya uvuguvugu, na tope lilipotoka tukaona unywele wa rasta. Jirani yetu ni msusi, na upepo huleta masalia uani. Unywele ulikuwa umejizungusha kwenye vidole viwili, nyama ikavimba juu yake hadi ukafichika.

"Lete wembe mpya, mjukuu wangu, na usitetemeke."

Nilitetemeka, lakini nilikata. Tulimtenga kwenye boksi lenye maranda ili wenzake wasimdonoe, maji na pumba vikiwa karibu na mdomo wake. Siku ya tisa alikanyaga chini. Kidole kimoja kilikauka, kikadondoka.

Sasa debe la pumba likigongwa huwa wa tatu au wa nne kufika. Zamani alikuwa wa kwanza.